Tatu Iliyogeuzwa Nane

Methodius Rwegasira aliijua redio kabla hajakijua Kiingereza sawasawa. Katika hospitali ya misheni huko Karagwe, alikokuwa karani, kulikuwa na simu ya upepo iliyofungwa ofisini kwa mganga mkuu, na ni yeye aliyekaa nayo kila asubuhi kuagiza dawa kutoka Bukoba na kuulizia gari la wagonjwa. Alipohamia Toronto mwaka 1999 alipata kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala moja la Scarborough, na kwa miaka mingi hakushika redio tena, mpaka siku aliyokwenda kununua miwani.

Mwenye duka la miwani aliitwa Alnasir, Mwismailia mzaliwa wa Mwanza, mtu mfupi, nadhifu, anayependa kuzungumza. Nyuma ya kaunta yake redio ndogo ilikuwa ikikoroma.

"Hiyo ya polisi?" Methodius aliuliza.

"Hapana bwana, yetu wenyewe. Sisi ni wanaredio wa kujitolea. Umeme wa jiji zima ulipozimika mwaka 2003, simu za mkononi zilielemewa, watu wanapiga hazitoki. Ya kwetu ilifanya kazi. Ina betri, ina antena, basi. Haimtegemei mtu."

Methodius alicheka, akamweleza habari za Karagwe. Mwaka haukuisha kabla hajafanya mtihani wa leseni, akapewa namba yake ya kujitambulisha hewani, akaingia katika kundi la Alnasir. Walikuwa watu ishirini na wawili. Kila mwezi walifanya zoezi: kupokea ujumbe kwa maandishi, kuusoma hewani polepole, kuandika saa uliyoupokea na saa uliyoutuma, kusema "ova" ukimaliza ili mwenzako ajibu. Alnasir alikuwa mkali sana juu ya saa.

"Jina ukikosea, mtu anaweza kuuliza tena," alikuwa akiwaambia. "Saa ukikosea, hakuna wa kuuliza."

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 22 Desemba 2013, mvua ya barafu ilinyesha juu ya jiji. Kulipokucha kila tawi la mti lilikuwa limevikwa kioo. Matawi yalikatika yakaangukia nyaya, na nyumba laki kadhaa zikakosa umeme, na kwa wengi kukosa umeme ni kukosa joto. Katika sehemu nyingine simu nazo zilianza kufa kidogo kidogo. Jiji likafungua kumbi za watu kujipasha moto, na kundi la Alnasir likaitwa ili kumbi hizo ziweze kuwasiliana na wazimamoto na magari ya wagonjwa.

Methodius alipangiwa ukumbi mmoja wa mtaa wa Malvern, si mbali na nyumbani kwake. Alikwenda akiwa na wasiwasi. Mke wake, Asumpta, alikuwa mtunza wazee katika nyumba moja ya wazee kule Vaughan, mji wa jirani. Alikuwa ameingia zamu Jumamosi jioni, na tangu hapo Methodius hakuwa amepata hata neno moja kutoka kwake.

Jumatatu, siku ya pili, ukumbi ulikuwa umefurika. Watu walikuwa wamelala juu ya mikeka ya mazoezi, watoto wanalia, jenereta linanguruma nje. Methodius alikuwa amekaa mezani karibu na mlango, redio mbele yake, daftari la kumbukumbu upande wa kulia. Mwanamke mmoja mzee, mwembamba, amejitanda shali mbili, akamkaribia kwa shida ya magoti. Alikuwa amemsikia akimwelekeza Mkenya mmoja kwa Kiswahili mahali pa kupata chai.

"Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Karagwe, mama. Tanzania."

Uso wa yule mama ukafunguka. "Karagwe! Sisi tulikuwa na duka Kamachumu. Mimi nimezaliwa Bukoba." Kisha akashika ukingo wa meza. "Nisaidie. Kaka yangu yuko juu, ghorofa ya kumi na moja. Lifti haifanyi kazi. Anapumua kwa mashine, na mashine inataka umeme. Mitungi ya akiba ilikuwa miwili. Mmoja umekwisha, wa pili uko nusu. Simu yangu imezima. Nimeletwa hapa kwa gari na mtu nisiyemjua."

Aliitwa Mehrunissa, miaka sabini na mbili. Kaka yake alikuwa Fatehali, miaka sabini na minane. Mwana wa pekee wa Fatehali, Taki, alikuwa Dar es Salaam kwenye harusi pamoja na mke wake na watoto, na alikuwa amemwacha baba yake mikononi mwa shangazi. Methodius aliandika yote kwa herufi kubwa: jina, anwani, ghorofa, oksijeni itaisha kabla ya usiku. Juu ya karatasi akaandika DHARURA, na pembeni akaandika saa aliyoupokea. Wanaredio huhesabu saa kuanzia usiku wa manane hadi ishirini na nne. Ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana, kwa hiyo aliandika 13:10.

"Nimeandika, mama. Inakwenda sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Rudi ukawasubiri mlangoni uwaonyeshe njia."

Mehrunissa alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea dua, akatoka. Mtu yuleyule asiyemjua alikuwa akimsubiri nje garini.

Methodius alinyoosha mkono kushika redio, na redio ikamwita yeye kwanza. Alikuwa Pascal, Mkongo wa kundi lao aliyepangiwa upande wa Vaughan. Jumapili jioni Methodius alikuwa amemwomba kwa faragha amuulizie Asumpta, jambo ambalo kanuni zao zilikataza.

"Nimepata habari ya mama wa nyumbani kwako," Pascal alisema. "Hamia masafa ya pembeni, ova."

Methodius aliikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa koti, akatoka nje na redio ya mkononi mahali palipokuwa na usikivu mzuri. Asumpta alikuwa ameteleza kwenye barafu akienda kituo cha basi, akaumia mkono, akapelekwa hospitali. Ipi? Pascal hakujua. Methodius akamsihi aulize. Wakazungumza, wakakatika, wakatafutana tena. Ilichukua zaidi ya nusu saa kupata jibu: mkono umeteguka, umefungwa, Asumpta yu salama na anakunywa supu.

Aliporudi ndani machozi yalikuwa yamemlengalenga kwa kushukuru. Alikuta jenereta limezimika, watu wamesimama wanapiga kelele, mjamzito mmoja ameketi sakafuni, na ujumbe mpya sita mezani. Akaanza na wa juu. Akafuata wa pili. Alifanya kazi nzuri sana alasiri ile. Watu wengi walisema hivyo baadaye.

Giza lilikuwa limeshaingia alipotia mkono mfukoni kutafuta leso.

Hakuhitaji kuikunjua ile karatasi. Aliijua kwa vidole. Akaikamata redio, akaita, na msimamizi wa masafa, ambaye siku ile alikuwa Alnasir mwenyewe, akamwitikia. Methodius aliusoma ujumbe wote bila kukosea hata herufi moja.

"Nimepata," Alnasir alisema. "Umepokelewa saa ngapi? Ova."

Methodius alitazama karatasi. 13:10. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na dakika kumi.

"Kumi na nane na kumi," akasema.

Ilimtoka kabla hajaifikiri. Lakini jambo la pili alilifikiri. Alichukua kalamu, akaziba ile tatu upande wa kushoto, ikawa nane. Halafu akaunakili ujumbe kwenye daftari, 18:10, kwa mwandiko safi.

Wazimamoto walifika kwenye lile jengo baada ya dakika ishirini na tano. Walimkuta Mehrunissa amekaa kwenye ngazi ya chini, ukumbini mwa jengo, midomo imekauka kwa baridi. Alikuwa amesubiri hapo tangu saa saba na nusu. Magoti yake hayakuweza tena kupanda ngazi, na mpangaji mmoja aliyekuwa akishuka alimwambia alikuwa amegonga na mzee akaitikia kwamba yu mzima, basi akaendelea kungoja, akijiambia kuwa jiji zima lina shida na zamu yao itafika. Fatehali walimkuta hai, hajitambui, mtungi mtupu. Aliishi hospitalini siku kumi na moja. Akafa mapema Januari.

Methodius alisikia habari hizo kwa vipande, naye alijipa maneno ya kujituliza. Mzee alikuwa na mapafu mabovu. Daktari mwenyewe alisema huenda hata angewahishwa asingepona. Neno hilo, huenda, alilishika kama mtu ashikavyo ukuta gizani. Asumpta aliuona mwenendo wake umebadilika. Alikuwa hali vizuri, na jioni redio ikiita aliizima.

Februari kundi lilifanyiwa hafla ndogo ya shukrani, wakapewa vyeti. Jina la Methodius liliposomwa watu walipiga makofi kwa muda mrefu, kwa sababu alikaa mezani siku nne mfululizo. Alnasir akamrudisha nyumbani kwa gari lake.

"Unamkumbuka yule mzee wa oksijeni?" Alnasir aliuliza wakiwa njiani. "Mtoto wake, Taki, alikuja dukani. Alitaka kujua habari zilipita wapi. Nikampa nakala ya daftari."

Methodius alikikunja cheti chake mara mbili.

"Kumbe shangazi yake alikuwa anadai alitoa habari mchana, mara tu baada ya swala ya adhuhuri. Daftari linasema jioni. Basi, wamejua sasa. Kumbukumbu zake zimeanza kupotea. Maskini, alikaa tu pale chini mchana kutwa akidhani ameshasema. Wamemhamishia kwa Taki kule Vaughan. Hawamwachi hata karibu na jiko, wanaogopa ataunguza nyumba."

"Na yeye anasemaje?"

"Mwanzoni alibisha sana. Siku hizi, Taki anasema, amekubali. Anasema labda kweli aliota."

Methodius alimwomba asimamishe gari. Alishuka, akatapika kwenye theluji kando ya barabara, akamwambia Alnasir ni chakula cha hafla.

Jumapili ile baada ya misa alimweleza Asumpta, wakiwa wawili tu jikoni. Asumpta alisikiliza mpaka mwisho huku akiukanda mkono wake, ambao bado ulikuwa ukimuuma.

"Kwa hiyo ulikuwa unanitafuta mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Usiniingize mimi, Methodius. Kunitafuta sikulaumu, ningekutafuta hata mimi. Kusahau, binadamu husahau. Lakini ile kalamu hukuichukua kwa ajili yangu." Akavuta kiti, akakaa. "Mimi nafanya kazi na wazee. Unajua mtu mzima akiambiwa kila siku kwamba akili zake zimeharibika anakuwaje? Anaanza kuogopa hata kuuliza leo ni siku gani."

Kesho yake Methodius alikwenda dukani kwa Alnasir, akangoja mteja wa mwisho atoke. Alieleza akiwa amesimama. Alnasir alifungua kabati, akatoa daftari, akalipeleka chini ya taa anayotazamia vioo. Akaichukua na ile karatasi ya awali iliyokuwa imebanwa nyuma. Wino wa upande wa kushoto wa ile nane ulikuwa mzito kuliko mwingine. Mtu asiyeambiwa asingeona.

"Nilikuuliza hewani," Alnasir alisema taratibu. "Nilikuuliza saa ngapi."

"Uliniuliza."

"Na mimi ndiye niliyempa Taki nakala. Kwa mkono wangu." Alikaa kitini, akalifunga daftari. Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwingine. "Nisikilize. Miaka kumi tumeomba jiji lituamini. Wengine wanatuona wazee wanaochezea nyaya. Jambo hili likitoka, mwaka ujao hawatatuita, na atakufa mwingine kwa sababu hatukuwepo. Fatehali amekwisha zikwa. Nenda kaungame kanisani kwenu, na mimi nitakuondoa zamu kimyakimya."

"Fatehali amezikwa," Methodius alisema. "Dada yake je?"

Alnasir alitoa nakala ya ile karatasi ya awali, akaandika pembeni kwa mkono wake saa ya kweli, akatia sahihi.

"Jumamosi wanakuwa nyumbani," akasema. "Sitakuja nawe. Nina hasira na wewe mno."

Nyumba ya Taki ilikuwa Vaughan, mtaa mpya wa nyumba zinazofanana, hatua chache kutoka barabara ya Bathurst. Taki alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, mwenye adabu, na aliposikia kwamba mgeni ndiye aliyepokea ule ujumbe alimshika mkono kwa nguvu.

"Karibu, kaka. Asante kwa ulichofanya. Shaila, leta chai!"

Sebuleni Mehrunissa alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Alikuwa amekonda. Alimtazama Methodius, kisha akamtazama Taki, kama anayeomba ruhusa ya kumtambua.

"Shikamoo, mama," Methodius alisema.

"Marahaba. Wewe... wewe wa Karagwe? Au nakosea?"

"Hukosei, mama. Ni mimi."

Akabaki amesimama. Shaila, mke wa Taki, aliingia na sinia la chai, na binti zao wawili wakakaa kwenye zulia. Methodius alikuwa amejiandalia maneno mengi, hata mengine ya kuelezea msongamano wa siku ile. Yote yakamtoka.

"Mama, ulikuja mezani kwangu saa saba na dakika kumi mchana. Uliniambia kila kitu vizuri, ghorofa, mitungi, kila kitu. Nilikuahidi natuma sasa hivi. Niliweka karatasi mfukoni nikaenda kumtafuta mke wangu, nikasahau. Niliikumbuka saa kumi na mbili. Nilipoulizwa nilidanganya, halafu nikabadili saa kwa kalamu. Tatu niliifanya nane. Hukuota, mama. Wewe ndiye uliyesema kweli."

Methodius akaweka nakala ya Alnasir mezani, kando ya sinia.

Mehrunissa alikuwa ameweka mkono mmoja shavuni. "Mchana," akasema.

"Mchana, mama. Baada tu ya adhuhuri."

"Nilikuwa nimeswali kwanza. Nilikwambia, Taki. Nilikwambia nimeswali kwanza ndiyo nikashuka." Akainuka, akakataa mkono wa Shaila. Macho yake yalikuwa yamepata ukali ambao Methodius hakuwahi kuuona. "Sema tena."

"Mama..."

"Sema tena, kwa Kiingereza. Watoto hawa Kiswahili chao kidogo. Wao ndio wanaonificha viberiti. Waambie wasikie."

Methodius akasema tena, kwa Kiingereza chake cha ghalani, neno kwa neno, akiwatazama wale mabinti. Mkubwa akaanza kulia. Alipomaliza Taki alikuwa ameshika ile karatasi.

"Masaa matano," Taki alisema. "Baba yangu alikaa masaa matano. Na huyu alikaa kwenye baridi masaa matano, na mimi niko harusini nacheza, halafu nikarudi nikamwita mwendawazimu." Alimkamata Methodius ukosi wa koti, akamsukuma mpaka ukutani, na Methodius hakuinua mkono. "Kwa nini umekuja? Unataka tukusamehe ili ulale?"

"Sikuja kwa hilo."

"Mwache," Mehrunissa alisema.

Taki akamwachia. Yule mama akasogea mpaka mbele ya Methodius. Alikuwa mfupi, ilimbidi ainue uso.

"Nilikuombea dua siku ile," akasema. "Kila swala, mpaka kaka yangu alipokufa. Nikasema yule mtoto wa Karagwe, Mungu amlipe mema." "Sikuombei mabaya. Hilo siwezi. Lakini usije tena hapa. Na usinitumie mtu."

"Ndiyo, mama."

Alitoka bila kuonja chai. Kwenye basi la kurudi alikaa kiti cha nyuma kabisa, na kwa safari nzima hakuhisi wepesi wowote ambao watu husema huja baada ya kuungama. Alihisi tu kwamba kitu kimoja kimewekwa mahali pake, na vingine vyote viko vilevile. Fatehali alikuwa bado amekufa.

Alnasir aliandika barua kwa jiji, akaeleza yote na kutaja jina la Methodius. Walihojiwa mara mbili. Taki hakupeleka jambo hilo mahakamani, ingawa mawakili wawili walimwambia anaweza. Kundi halikuvunjwa, ila lilipewa kanuni mpya ya watu wawili kila meza, na Methodius akaondolewa zamu. Leseni ilibaki yake, lakini aliiuza redio yake kwa Pascal. Alnasir hakumwalika dukani kwa miezi mingi, na walipokutana walisalimiana kama majirani.

Miaka miwili baadaye, Jumamosi moja ya Septemba, Methodius na Asumpta walikuwa kwenye duka la vyakula barabara ya Lawrence. Asumpta alikuwa amemtangulia kwenye mchele. Kwenye mihogo alikuwepo Mehrunissa, peke yake, ana kikapu cha magurudumu, anaivunja mihogo ncha mmoja baada ya mwingine kutazama kama ni mweupe ndani, na mwenye duka anamlalamikia naye anamjibu kwa sauti ya juu kwamba amekula muhogo kabla yeye hajazaliwa. Alisema bei, akakosoa bei, akataja ile ya wiki iliyopita mpaka senti.

Aligeuka, akamwona. Walitazamana kwa muda mfupi. Hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alirudi kwenye mihogo yake, akachagua mitatu, akaondoka kuelekea kwa mlipishaji.

"Nani yule?" Asumpta aliuliza, aliporudi na mchele.

Methodius alimwambia. Asumpta alimsindikiza yule mama kwa macho mpaka alipotoka mlangoni akisukuma kikapu chake juani.

"Anatembea vizuri," akasema.

Methodius aliitikia kwa kichwa. Walingoja kidogo karibu na mihogo, ili wasimkute nje, halafu wakaenda kulipa.